Je, Wajua? Tu-stroki Ikichemsha, Usianzie Kwenye Rejeta

Je, wajua kwamba injini ya mipigo miwili, yaani tu-stroki, huwasha moto mara mbili ya ile ya mipigo minne, kwa mizunguko ileile ya krenki? Krenki ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, ndani ya silinda ya tu-stroki moto unawaka mara 150 kila sekunde. Kwenye injini ya mipigo minne ni mara 75, kwa sababu kila mzunguko wa moto hufuatwa na mzunguko wa kutoa moshi na kuvuta hewa mpya. Pistoni ya tu-stroki haijui mapumziko hayo. Ndiyo siri ya pikipiki ya motokrosi ya cc 125 kuruka vile inavyoruka, na ndiyo sababu kosa dogo tu linatosha kuichemsha kabla raundi hazijaisha.

Je, wajua kwamba mvuke unapoanza kutoka, huenda tatizo lina wiki kadhaa? Mazungumzo ya gereji tunayajua sote. "Fundi, inachemsha." "Maji umeongeza?" "Nimeongeza." "Basi katafute mfuniko mpya." Mfuniko unabadilishwa, rejeta inasukutuliwa, na Jumamosi inayofuata pistoni inakamata. Rejeta hupokea joto, haitengenezi joto. Kwa maoni yangu mtuhumiwa wa kwanza kwenye tu-stroki ni hewa: inaingilia wapi, na petroli kiasi gani inakwenda nayo. Maji yana zamu yake, lakini si ya kwanza.

Je, wajua kwamba petroli hupoza injini kabla ya kuichoma? Aliyewahi kumwagikiwa petroli mkononi anaujua ule ubaridi: kimiminika kinachogeuka mvuke hunyonya joto. Kwenye tu-stroki, mchanganyiko wa hewa na petroli hupita kwanza kwenye nyumba ya krenki, ukapoza beringi na tumbo la pistoni, ndipo upande juu kuungua. Kwa hiyo mafundi wa mashindano huipa injini petroli zaidi kidogo ya ile inayohitajika kwa moto wenyewe, tena kwa makusudi. Ukiipunguza, umepunguza kipozeo, umepunguza na kilainisho, kwa kuwa oili imo ndani ya petroli hiyohiyo, na juu ya hayo moto unakuwa mkali zaidi. Yote matatu kwa jeti moja iliyoziba nusu.

Je, wajua kwamba nyumba ya krenki ya tu-stroki ni pampu? Mpango huo tunadaiwa na Joseph Day, mhandisi wa mji wa Bath, Uingereza, aliyeuwekea hataza kati ya mwaka 1889 na 1891. Pistoni ikipanda, chini yake panavuta. Ikishuka, panasukuma. Kwenye injini ya mipigo minne sili ya krenki ikichoka, hasara yako ni madoa ya oili sakafuni. Kwenye tu-stroki sili hiyohiyo ni sehemu ya kupumulia, na ikichoka injini inavuta pumzi isiyopita kwenye kabureta. Hewa hiyo haina petroli, haina oili, na hakuna jeti iliyoipigia hesabu.

Sili ziko mbili, na kila moja ina tabia yake ikifa. Ya upande wa magneto, ambao kwa pikipiki nyingi ni kushoto, inaingiza hewa kavu. Iache injini ipate moto, vuta mafuta kidogo, kisha achia. Injini iliyo nzima hushuka mara moja hadi sailensa, yaani mlio wa kutulia. Yenye sili mbovu inabaki na mlio wa juu sekunde kadhaa, inashuka kwa kusitasita, na wakati mwingine inapanda yenyewe bila mtu kugusa kitu. Watu wengi wakisikia hivyo hukimbilia bisibisi ya sailensa kwenye kabureta, wakaikaza na kuilegeza mchana kutwa. Sili ya upande wa klachi nayo inafanya kinyume: inanyonya oili ya giaboksi. Moshi unakuwa mzito, plagi inalowa kila mara, na oili ya giaboksi inapungua ingawa chini ya pikipiki hakuna hata tone. Ukiona hayo yote pamoja, usimtafute mwizi mwingine.

Je, wajua kwamba kupima uvujaji huo hakuhitaji mashine ya maelfu? Ziba tundu la ekzosi, ziba mdomo wa kabureta, kisha ingiza hewa kupitia tundu la plagi kwa pampu ndogo ya mkono yenye geji. Desturi ya mafundi wa tu-stroki ni psi 6 kwa dakika 6. Geji ikitulia, nyumba ya krenki ni nzima. Ikishuka, pakaza maji ya sabuni kwenye maungio yote, ukianzia kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda, halafu gasketi ya chini ya silinda, halafu sili. Mahali penye mapovu ndipo. Usizidishe presha ukidhani unaharakisha kazi, maana hewa nyingi huzing'oa sili zilizokuwa nzima.

Mpira wa kabureta, kwa njia, unadanganya sana. Ukiutazama ulipokaa unaonekana mzima. Ufungue, uupinde kwa vidole viwili chini ya mwanga wa jua, ndipo nyufa zinapofunguka.

Je, wajua kwamba kuongeza oili kwenye petroli kunaweza kuichemsha injini badala ya kuilinda? Hili huwakera watu, ila hesabu yake ni nyepesi. Tundu la jeti ni lilelile na kinachopita ni kiasi kilekile. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, karibu asilimia 98 ya kinachopita ni petroli. Kwa 20 kwa 1, petroli ni kama asilimia 95. Umeipunguzia injini petroli kwa asilimia 3 bila kugusa kabureta, na tena oili nzito hupita kwenye jeti kwa uvivu. Anayetaka oili nyingi, na zipo sababu nzuri za kuitaka, abadilishe na jeti.

Vipimo, kwa wenye haraka: lita 5 za petroli zinachukua mililita 100 za oili kwa 50 kwa 1, mililita 125 kwa 40 kwa 1, na 156 hivi kwa 32 kwa 1. Kizibo cha chupa ya soda si kipimo.

Je, wajua kwamba pikipiki inayotulia vizuri Nairobi inaweza kuua pistoni Mombasa, bila mtu kuifungua hata nati moja? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na ya pwani. Kabureta iliyopangiwa uwanja wa Jamhuri Park inatoa petroli inayotosha hewa hiyo nyepesi. Ishushe baharini: silinda inajaa hewa nzito zaidi, petroli haiongezeki kwa kiasi kile, na dereva anashangilia, kwa sababu mwanzoni pikipiki inakuwa kali kweli. Kushuka pwani kunataka jeti kubwa zaidi, kupanda bara kunataka ndogo. Anayetoka Eldoret, zaidi ya mita 2,000, ana sababu kubwa zaidi ya kubeba jeti mbili tatu mfukoni.

Bara nako kuna hila yake. Nairobi maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mfuniko mbovu wa rejeta utajulikana huko mapema kuliko Dar es Salaam.

Je, wajua kwamba serikali zimewahi kutunga sera ambazo zimeziokoa pistoni bila kukusudia? Mafuta ya taa yana okteni ndogo mno. Yakichanganywa kwenye petroli, mchanganyiko unajilipukia wenyewe kabla ya zamu yake, injini inanoki, na joto linapanda haraka kuliko rejeta inavyoweza kulitoa. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya mamlaka ya udhibiti ya EWURA ili wachakachuaji wakamatwe. Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Uchakachuaji ulipungua, haukufa. Pikipiki iliyoanza kuchemsha siku ileile uliyojaza mafuta kwenye kituo kigeni imeshakuambia pa kuanzia.

Unajuaje inanoki? Sikiliza unapovuta mafuta kwa nguvu kwenye mlima: kuna mlio mkavu, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Kwenye tu-stroki kelele ya ekzosi huuficha mlio huo, kwa hiyo wengi huuona kwenye pistoni badala ya kuusikia.

Je, wajua kwamba namba ya plagi inaweza kukupeleka upande usiotaka? Kwa NGK, namba ikipanda plagi inazidi kuwa baridi: BR9ES ni baridi kuliko BR8ES, na BR8ES ni baridi kuliko BR7ES. Kwa Champion na Bosch ni kinyume, namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Plagi ya moto haiongezi nguvu. Maana yake tu ni kwamba ncha yake inachelewa kupitisha joto kwenda kwenye hedi. Ncha ikiwa chini ya nyuzi 450 hivi inajaa masizi. Ikipita nyuzi 800 na kuendelea, inaanza kuwasha mchanganyiko kabla cheche haijapigwa. Aliyebadilisha NGK kwa Champion akifuata namba tu, akili yake ikiwa kwenye bei, amejitafutia tundu katikati ya pistoni.

Plagi hiyohiyo ni shahidi, ila lazima ihojiwe kwa utaratibu. Weka mpya, endesha kwa mafuta yaliyovutwa mpaka mwisho kwenye sehemu iliyonyooka, zima injini ukibana klachi papo hapo, usiiache ikae sailensa, kisha ifungue plagi. Kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye unyevu ni petroli au oili nyingi. Nyeupe kama chokaa ni hatari. Na ukiona vidoa vidogo vinavyong'aa kwenye kauri nyeupe, hiyo ni alumini ya pistoni yako ikianza kuhama.

Je, wajua kwamba mbarika, ule mti unaojiotea kwenye viwanja visivyojengwa kote Afrika Mashariki, umelainisha tu-stroki za mashindano kwa miongo mingi? Mafuta yake hushikilia chuma chenye joto kali kuliko oili nyingi za madini. Kasoro yake ni kwamba hayapatani sana na petroli na hujitenga yakikaa. Asiyetikisa galoni asubuhi ya mashindano anaweza kuwapa wa kwanza petroli tupu na wa mwisho uji.

Sasa maji.

Je, wajua kwamba pikipiki nyingi za motokrosi hazina feni, hazina themostati, na hazina hata chupa ya kupokea maji yanayofurika? Zimetengenezwa kwa dhana moja: kwamba utakuwa unakwenda. Ukisimama dakika 5 kwenye mstari wa kuanzia injini ikiunguruma, au ukikwama kwenye matope unasukuma kwa gia ya kwanza huku klachi imebanwa nusu, joto linaingia na upepo hakuna. Hapo kuchemka si ugonjwa, ni mazingira. Kabla hujafungua chochote uliza ilichemsha wapi na ikiwa kwenye mwendo gani. Inayochemsha ikiwa polepole tu, tazama rejeta na uendeshaji. Inayochemsha ikiwa kwenye kasi, upepo unapita, maji yamejaa, basi rudi juu ukasome habari za hewa na petroli. Swali hilo moja linaokoa nusu ya kazi, na halina gharama.

Matope ya Busiika na Garuga nchini Uganda yanafahamika kwa waliowahi kushindana huko: udongo mwekundu unaoganda kwenye rejeta ukakauka papo hapo. Rejeta iliyozibwa hivyo ni bati tu. Ioshe, lakini usiielekezee mashine ya presha kwa karibu, kwani vile vipande vyembamba vya alumini vinalala chini na upepo haupiti tena hata rejeta ikiwa safi. Vilivyolala vinyooshe kimoja kimoja kwa bisibisi nyembamba. Ni kazi ya jioni nzima, naikubali, na inachosha macho.

Je, wajua mfuniko wa rejeta ulioandikwa 1.1 unamaanisha nini? Ni presha inayoongezwa juu ya ile ya hewa ya kawaida, na kwa presha hiyo maji ya kawaida usawa wa bahari hayachemki mpaka yafike nyuzi 120 hivi. Springi yake ikilegea, au mpira wake ukipasuka, umepoteza nyuzi zote 20 za akiba kwa kitu kinachotosha kiganjani. Kwa hiyo fundi anayebadilisha mfuniko si mjinga. Kosa lake ni kuishia hapo. Na mfuniko haufunguliwi injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa. Presha ikiondoka ghafla, maji yanachemka kwa mara moja na kurukia uso ulio juu yake pamoja na mvuke.

Kulanti ya nusu kwa nusu na maji huchelewesha kuchemka hadi kama nyuzi 107 hata bila presha, na huzuia kutu. Maji matupu, ajabu, hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Timu za mashindano hulijua hilo. Kwa matumizi ya kawaida chukua mchanganyiko, tena kwa maji yaliyochujwa chumvi. Maji ya kisima cha pwani yanaacha magamba ndani ya mirija. Kulanti ni tamu na ni sumu, hivyo usiiache kwenye kopo mahali penye watoto au mbwa.

Je, wajua jinsi ya kujua kwamba hedi inavuja bila kuifungua? Injini ikiwa baridi, toa mfuniko, hakikisha maji yamefunika mirija ya rejeta, washa, kisha chungulia. Mwanzoni mapovu machache yatatoka, ni hewa iliyonaswa, yataisha. Endelea kutazama. Vuta mafuta kidogo kidogo. Kama vipovu vidogo vinapanda mfululizo bila kukoma na vinaongezeka kila mlio unapopanda, moshi wa silinda unapenya kwenye maji, na gasketi au oringi ya hedi imekwisha. Pikipiki ya namna hii humaliza maji kupitia mpira wa kufurikia huku kila mtu akiapa kwamba rejeta haivuji. Ukiweka pua karibu na ekzosi asubuhi, moshi mweupe wenye harufu tamu utakuthibitishia.

Pampu ya maji ina tundu dogo chini yake ambalo wengi hudhani ni kasoro ya kiwandani. Liliwekwa makusudi: sili ikichoka, tone linatokea hapo likuonye. Usilizibe kwa gundi. Tumeona watu wakiliziba. Maji yasipopata pa kutokea hutafuta giaboksi, na oili ikitoka nyeupe siku ya kuibadilisha, habari ni hiyo.

Wavuvi wa Lamu na Unguja wana raha moja: mashine zao za boti za tu-stroki hutoa mchirizi mwembamba wa maji pembeni, na mchirizi ukikatika nahodha anazima mara moja. Pikipiki haina mchirizi wa kukuonya.

Je, wajua kwamba kupoza tu-stroki ya pikipiki kwa maji ni jambo la zaidi ya karne? Alfred Angas Scott alianza kuuza pikipiki zake Uingereza mwaka 1908. Silinda zilipozwa kwa hewa lakini hedi zilipozwa kwa maji, na pikipiki hizo zikashinda mbio za Senior TT mwaka 1912 na 1913. Motokrosi ilikawia mno. YZ125 ya Yamaha ya mwaka 1981 ilikuja na rejeta iliyofungwa mbele ya usukani, maji yakipitia kwenye shingo ya fremu, kila usukani ukigeuzwa na rejeta inageuka. Wazo lilikuwa zuri kwa upepo, baya kwa mikono ya dereva, na rejeta zikahamia pembeni mwa fremu zilipo hadi leo.

Wenye pikipiki za Yamaha DT na AG100 za zamani, zisizo na maji kabisa, kazi yenu ni fupi: mapezi ya silinda yawe safi, bila tope na bila rangi nzito. Vile vipande vya mpira katikati ya mapezi viacheni. Havizibi upepo kwa bahati mbaya, viliwekwa kuzuia mapezi yasivume.

Wala msiimwagie maji baridi injini iliyochemsha. Hedi hupinda, na gasketi iliyokuwa nzima inapata sababu ya kuvuja. Zima, subiri.

Je, wajua kwamba tu-stroki inaweza kukamata ikishuka mlima huku mafuta yamefungwa? Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ukishuka kutoka Lushoto hadi Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kona, ukaiacha gia ishike na mkono umeachia mafuta, krenki inazunguka kwa kasi lakini kabureta imefungwa. Petroli haiji, na oili iliyomo ndani yake haiji. Hata zile zenye pampu ya oili ya Autolube, ambayo Yamaha iliitoa mwaka 1964, hupata kiasi cha chini kabisa mkono ukiwa umefungwa. Kwa hiyo vuta mafuta kidogo kila baada ya muda, au bana klachi.

Watengenezaji wa magari ya tu-stroki walilijua hilo, wakaweka frihwili kama ya baiskeli: ukiachia mafuta, injini inashuka hadi sailensa na magurudumu yanaendelea yenyewe. Saab ilikuwa nayo. DKW ilikuwa nayo. Na magari hayo hayakuwa ya mchezo: DKW ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1956, na Erik Carlsson wa Sweden akamaliza wa pili mwaka 1964 kwa Saab 96, injini ya silinda tatu isiyofika hata cc 900, kwenye matope na vumbi vilivyoyashinda magari makubwa zaidi.

Je, wajua kwamba pistoni iliyokamata huandika ripoti yake yenyewe? Usiitupe kabla hujaisoma. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda kwa joto lilelile, na nafasi kati yao ni sehemu chache tu za mia za milimita. Michubuko minne, mmoja kila pembe, inasema dereva aliwasha na kuondoka mbio bila kuipasha injini moto: pistoni ilitanuka, silinda ikachelewa. Mchubuko upande wa ekzosi peke yake unasema joto limezidi, mara nyingi kwa petroli pungufu. Ukiwa upande wa kuingilia, tafuta kwanza kama oili ilichanganywa. Ukingo uliomomonyoka vishimo vishimo ni kunoki. Na tundu katikati, lenye midomo iliyoyeyuka, ni kuwashwa kabla ya wakati. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, ilhali moto wa silinda hupita 2,000. Kinachoiokoa pistoni kila siku ni kwamba joto hupata njia ya kutoka kupitia ringi na ukuta wa silinda.

Silinda nayo isihukumiwe haraka. Za zamani zenye sleeve ya chuma huchongwa zikapewa pistoni kubwa zaidi. Za kisasa zina ngozi nyembamba ya Nikasil, nikeli iliyochanganywa na silikoni kabaidi, na hiyo haichongwi. Lakini mistari mingi inayoonekana baada ya kukamata si mikwaruzo. Ni alumini ya pistoni iliyopakaa juu ya ukuta. Vaa glavu na miwani, kaa mahali penye upepo, chukua kijiti chenye pamba kilicholowa asidi ya haidrokloriki, ile inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, na usugue kwenye mistari tu bila kugusa matundu. Alumini itatoa povu na kuyeyuka. Povu likikoma, suuza kwa maji mengi, kausha, paka oili, pitisha ukucha. Ukiteleza bila kunasa, nunua pistoni na ringi, silinda ni nzima. Povu lisipokoma, asidi imeshafika kwenye alumini ya silinda yenyewe, maana yake Nikasil hapo haipo tena, na silinda hiyo inakwenda kuwekewa ngozi upya au inakwenda kwa wauza chuma chakavu.